Kabla hati ya mashtaka haijafika: maandalizi ya mtumishi wa umma mkoani Tanga

Watumishi wengi huanza kuhangaika siku wanapokabidhiwa barua ya tuhuma, na hapo wameshachelewa. Shauri la nidhamu katika utumishi wa umma huamuliwa kwa karatasi. Mwenye kumbukumbu zake sawa ana pa kushika hata kama mkuu wake wa kazi hampendi. Asiyekuwa nazo hubaki kuapa tu. Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi mlioko kazini sasa hivi, Jijini, Pangani, Mkinga, Lushoto na kwingineko mkoani, ambao hamna tuhuma yoyote.

Anza na ruhusa, maana naona hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Kukosekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Sasa mchukue muuguzi wa zahanati iliyoko ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Bweni. Usiku anapigiwa simu kwamba mama yake kalazwa hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Anamweleza mganga mfawidhi, anajibiwa, "Nenda dada, tutaongea ukirudi." Anavuka na kivuko cha asubuhi, anauguza wiki nzima mjini. Mwezi unaofuata mfawidhi anahamishwa, au wanakosana, na kinachobaki kwenye daftari la mahudhurio ni mistari mitupu mbele ya jina lake. Nani atamsemea?

Kabla ya kuvuka, angetuma ujumbe wa simu wenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi, akasubiri jibu, hata kama ni "sawa" tu, na kuuhifadhi. Akirudi, aandike barua fupi ya kuthibitisha ile ruhusa, aambatishe karatasi ya wodini, aipeleke masijala, yaani ofisi ya kutunza barua na majalada, igongwe muhuri wa kupokelewa, naye abaki na nakala iliyogongwa muhuri huohuo. Nakala isiyo na muhuri haina nguvu, kwa sababu yeyote anaweza kusema umeiandika jana. Ni usumbufu, nakubali, hasa kwa aliye kijijini ambaye nauli ya kufika makao makuu ya wilaya inamuumiza. Mtumie mtu, lakini isajiliwe kwenye kitabu cha dispachi, kile anachosaini anayepokea barua.

Nyumbani uwe na jalada lako. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, fomu za likizo, tathmini za utendaji na hati za makabidhiano kila ulipohama ofisi. Vyeti usivisahau: katika uhakiki wa mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mtendaji wa kijiji na mkusanya mapato wana mzigo zaidi. Risiti za POS, ile mashine ya kukusanyia mapato, zimechapwa kwenye karatasi laini inayofifia haraka, na kwa joto letu la pwani usishangae kuikuta nyeupe kabisa. Zitoe kopi mapema, uzibane pamoja na stakabadhi ya benki ya siku hiyohiyo. Ukiulizwa fedha za mnada wa mwaka juzi, utajibu kwa kufungua jalada.

Jambo jingine: ijue mamlaka yako ya nidhamu, yaani mwenye uwezo wa kukushtaki na kukuadhibu, ni nani. Walimu wa shule za umma wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015. Watumishi wengine wa halmashauri hutofautiana kwa kada. Muulize Afisa Utumishi leo, kwa utulivu, kwa sababu adhabu iliyotolewa na asiye na mamlaka hayo ni hoja ya rufaa.

Barua ya kukutaka ujieleze siyo hati ya mashtaka. Wengi huzichanganya, wakaandika maelezo ya hasira ambayo baadaye husomwa dhidi yao. Ijibu kwa adabu, kwa ufupi, kwa ukweli. Hati ya mashtaka inatakiwa itaje kosa na maelezo yake, nawe ujibu kila shtaka peke yake ndani ya muda uliotajwa kwenye notisi. Usikatae kupokea. Saini, andika tarehe na saa uliyopokea, kisha mtafute kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi siku hiyohiyo. Ukiyakana mashtaka mazito, kamati ya uchunguzi huundwa. Mjumbe aliye sehemu ya mgogoro mkatae mapema, kwa maandishi na kwa sababu.

Ukisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, hiyo bado siyo adhabu, ila mshahara unaweza kushuka hadi nusu. Benki yenye mkopo wako haitasubiri, kwa hiyo akiba ndogo ni sehemu ya maandalizi haya. Usiondoke kituoni bila ruhusa. Ukionekana huna hatia, unadai kilichozuiwa.

Ukiadhibiwa, rufaa ina siku 45. Zihesabu kuanzia tarehe ya barua yenyewe, hata kama uliipata baadaye, ili usibishane na mtu juu ya siku 2. Kwa mtumishi aliye chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, rufaa huelekezwa huko, na nakala kwa mamlaka iliyokuadhibu. Asiporidhika huendelea kwa Rais. Usikimbilie kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi: tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinakutaka umalize kwanza njia zilizomo ndani ya sheria hiyo, na walioanzia huko wamerudishwa siku zao 45 zikiwa zimekwisha.