Fuga kiwavi wa mti wa ndimu mpaka atoke kipepeo, vile sisi hufanya hapa Kisumu

Kama uko na mtoto wa shule ya msingi unaijua ile jioni anakuambia saa mbili usiku eti kesho mwalimu anataka mzunguko wa maisha ya mdudu, maduka yashafungwa, so unachora yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na mishale minne ikizunguka, mnalala. Hiyo mishale nimechora miaka mingi. Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu akaniuliza, "Waya (yaani shangazi), sasa hapa kati ya huu mshale na huu kunafanyikanga nini?" na mimi nikanyamaza kwa sababu sikuwa najua. Tangu hapo sichori, nafuga. Nimeharibu wawili watatu nikijifunza, ngoja niwaambie vile mimi hufanya saa hii ili nyinyi msiwaharibu.

Kwanza usiokote kiwavi yeyote tu njiani. Kiwavi mara nyingi ni mtu wa chakula kimoja, unampata kwa nyasi hujui anakula nini, unamuwekea sukuma wiki, na yeye anakufa njaa hapo hapo kando ya sukuma. Na wale wenye manyoya manyoya wachana nao kabisa, wengine watakuwasha mpaka jioni. Tafuta yule wa mti wa ndimu. Mama yake ni ule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, hana mikia kwa mabawa, anapita kwa nyumba za watu Kisumu nzima, jina la kitaalamu ni Papilio demodocus. Anataga kwa miti ya ndimu, limau na machungwa, na hiyo miti ukitoka Mamboleo mpaka Maseno huwezi kosa boma iko nayo. Mimi natoa kwa dani, yaani nyanya, yeye anashangaa watu wanatoa wadudu kwa mti wake bure na hawanyunyizi dawa.

Angalia majani machanga, yale laini ya juu juu. Yai ni duara, njano mpauko, dogo kama kichwa cha pini, na hutagwa moja moja sio rundo. Ukikosa mayai tafuta kinyesi cha ndege. Siwatanii. Kiwavi mdogo wa huyu kipepeo ni mweusi na mweupe kiasi, analala juu ya jani wazi kabisa na anakaa kinyesi cha ndege hata ukimkaribia, na ndio sababu ndege hamgusi. Mimi nilizunguka ule mti siku mbili nikisema hakuna kitu na walikuwa saba. Akikua zaidi anabadilika anakuwa kijani na michoro michoro, hapo mbele anakuwa na alama kama macho, sio macho, ni za kutisha tu.

Chukua wawili au watatu, sio kumi, utachoka kutafuta majani. Na heri uanze na yai ama wale wadogo kabisa, sababu nitasema huko mbele.

Nyumba yake: mimi natumia ile ndoo ya rangi ya lita 10 iliyooshwa sana, ama mtungi wa maji wa lita 5 umekatwa juu, bora kiwe kirefu. Juu funika na stokingi iliyochanika ama kipande cha pazia jepesi, funga na raba. Sasa hapa ndio watu wengi huanguka, na mimi nilikuwa wa kwanza: USITUMIE NETI YA MBU. Neti zinazogawanywa huku kwetu zina dawa ya kuua wadudu ndani ya nyuzi, hiyo ndio kazi yake, na kiwavi pia ni mdudu. Wangu wa kwanza walikufa usiku mmoja nikalaumu majani. Vivyo hivyo usiweke ndoo kwa chumba unachowasha koili ya mbu ama kupulizia mende, na majani usitoe kwa mti uliopigwa dawa juzi.

Kata kijitawi cha ndimu kidogo, kiweke kwa chupa ndogo ya maji ili majani yasinyauke, halafu ziba mdomo wa chupa na tishu ama pamba, iwe imekazwa. Usipoziba kiwavi atatembea kwa tawi akishuka mpaka ndani ya maji na hajui kuogelea. Badilisha tawi kila siku ya pili, ama kila siku akishakuwa mkubwa. Usimng'oe kwa jani la zamani na vidole, kata lile jani na yeye akiwa juu yake uliweke kando ya jipya, atahama mwenyewe. Mavi yake mwaga kila siku, yakikaa yanaleta ukungu na ukungu unaleta ugonjwa. By the way mavi ndio saa yake, mwanzo ni kama vumbi la majani ya chai, mwisho ni mapunje makubwa na unasikia usiku yakianguka kwa ndoo tap, tap.

Sasa muda huu wa kula ndio wa masomo, so keti na mtoto muhesabu. Mwambie ahesabu miguu, atasema kumi na sita, na wewe mwambie mdudu yeyote ana sita tu, awache abishane na wewe kidogo. Ile sita ya kweli ni ile midogo yenye ncha hapo mbele karibu na kichwa, jozi tatu, hiyo ndio kipepeo atabaki nayo. Ile minono ya nyuma jozi tano ni vishikizo tu vya nyama, mwishoni zinapotea. Halafu angalieni ubavuni, kuna vidoti vidogo vimepangwa mstari, hivyo ni vitundu vya kupumulia. Mdudu hana mapafu na hapumui kwa mdomo, hewa inaingia kwa hivyo vitundu inasambaa kwa vijimirija mpaka kila mahali, na ndio maana damu yake haina haja ya kubeba oksijeni na haina ule wekundu wa damu yetu. Ukimgusa mgongoni na unyasi atatoa kitu kama pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, na harufu itatoka hapo, kali, kama ganda la ndimu lililoharibika. Hiyo ni yake ya kufukuza maadui. Mara moja inatosha, usimchokoze kila mgeni akija.

Kuna siku utamkuta ametulia tu, hali, hasongi, rangi imefifia. Usimtupe! Anavua ngozi. Gamba la mdudu haliongezeki, kama uniform ya mwaka jana, so ni lazima aivue atoke na kubwa, na huyu huvua mara nne akiwa kiwavi. Ukimsukuma saa hiyo unaweza mrarua. Mpe siku moja, utamkuta ameanza tena kula na mara nyingi ngozi yenyewe ameila.

Baada ya kama wiki tatu hivi, ikiwa joto inaweza kuwa mapema, anaacha kula, anaharisha maji maji, anazunguka ndoo kama mtu amepoteza funguo. Hapo sasa uwe ushaweka vijiti vya kavu vimesimama, unene wa penseli, kwa sababu anatafuta mahali pa kujifunga. Anabandika mkia kwa kitambaa kidogo cha hariri halafu anazungusha uzi mmoja mgongoni anauegemea, umewahi ona fundi wa stima akiwa juu ya nguzo na ule mshipi wake? Basi hivyo hivyo. Kesho yake ama keshokutwa ngozi ya mwisho inapasuka na chini yake kuna pupa, ya kijani ama ya kahawia.

Na hapa niseme kuhusu swali la mtoto, nini kinafanyika kati ya mishale. Pupa si usingizi. Mule ndani mwili mwingi wa kiwavi unabomolewa unageuka kama uji, na kuna vikundi vidogo vya seli alikuwa navyo tangu zamani, vya mabawa, vya miguu, vya macho, ndivyo vinakula ule uji na kujijenga. Kwa hivyo usiipasue kuangalia, utapata tu uji. Usiihamishe, usiitikise, usiiweke juani. Ikianguka funga uzi kiunoni uirudishe kwa kijiti ikiwa imesimama kichwa juu. Siku moja moja nyunyuzia stokingi maji kidogo kama hewa ni kavu sana. Subiri wiki mbili mpaka tatu.

Yangu ya pili niliiweka nje kwa veranda bila kufunika, nikasema sasa hali kitu hakuna haja. Wiki mbili baadaye ikawa na katundu kadogo kama ka sindano na mavumbi meusi yanatoka. Nikaangalia vizuri, ni nyigu, wadogo kuliko sisimizi, kama arobaini. Mama yao alikuja pupa ikiwa bado laini akatagia ndani, watoto wakamla kipepeo wote. Mtoto akalia, mimi nikaona kumbe ndio nimefuga kitu cha maana zaidi maana hao ndio wanazuia viwavi wasimalize ndimu zote za dani. Wengine hutaga ndani ya kiwavi akiwa bado kwa mti, ndio sababu nikasema uanze na mayai. Funika mpaka mwisho.

Siku moja kabla ya kutoka pupa inakuwa nyeusi na unaona madoa ya njano ya bawa kwa ndani. Amka mapema, wengi hutoka asubuhi. Ganda linapasuka, anatoka amelowa, mabawa ni kama matambara yaliyokunjwa, na lazima apande ashike kitu mabawa yakining'inia chini ili apige ile damu yake iingie kwa mishipa ya bawa iyanyooshe. Hapo nafasi ndio kila kitu. Wangu wa tatu nilikuwa nimemweka kwa chupa ya jemu, akakosa pa kuning'inia, mabawa yakakaukia yamepinda na hayanyooki tena. Atadondosha maji mekundu, si damu, ni taka za pupa. Ukiwa na lensi ya simu angalia mdomo, umekuja vipande viwili na yeye anavikunja kunjua mpaka vishikane viwe mrija mmoja wa kunyonyea. Baada ya saa moja au mbili toa kifuniko nje, karibu na maua, umuachilie. Akitua kwa majani ya ndimu akiyapigapiga na miguu ujue ni wa kike, anaonja. Wanaonja na miguu.

Ukitaka mtoto aone kwamba si wote hupitia pupa, kamata panzi mdogo asiye na mabawa. Huyo ametoka kwa yai akiwa panzi tayari, anavua tu ngozi na vibawa vinachipuka kidogo kidogo. Mende ni hivyo, vunjajungu hivyo, na hata kumbikumbi, zile ng'wen tunakimbizana nazo mvua ikinyesha, maana mchwa ni ukoo wa mende, si wa siafu kama watu wanavyodhani. Mbawakavu nao wana pupa kama kipepeo, na hao peke yao wameandikwa karibu aina 400,000, so usianze kumfundisha mtoto majina yote. Buibui na kupe mzima wape miguu nane, watoke kwa orodha ya wadudu.

Kiwavijeshi wa mahindi pia anafugika, yule aliingia Kenya 2017 akatumalizia mashamba. Utamjua na Y imepinduka usoni na vidoti vinne vimepangwa mraba karibu na mkia. Mmoja kwa kila kopo, ukiweka wawili kesho uko na mmoja mnono. Weka udongo wa vidole vinne chini kwa sababu yeye anaingia pupa mchangani, na nondo akitoka usimuachilie, muue, jirani ana mahindi.

Mbu ndio rahisi kuliko wote, kopo la maji ya mtaro lenye viluwiluwi na kila kitu kinaisha kwa wiki moja na kitu. Anayelala sambamba na uso wa maji ni Anofelesi, wa malaria, yule ananing'inia kichwa chini ni mbu wale wengine. Akitoka hesabu mabawa, ni mawili tu, yale mengine mawili yamekuwa virungu vya kushikilia balansi, na ni hivyo pia kwa nzi na kwa sam, wale vidudu wanatoka ziwani kama moshi na hawaumi mtu. Funika kopo na stokingi mbili, na wakishaonekana wanakaribia kuruka mwaga hayo maji juu ya lami jua likiwa kali, sio kurudisha kwa mtaro.