Namna ya kutunga hadithi ya mtoto anayerudi 1947 kumwona Jackie Robinson

Watu wengi wakianza kutunga hadithi ya mtoto anayesafiri kurudi zamani wanaanza na mashine, vitufe, taa, moshi, kurasa tatu nzima, na mtoto anayesomewa ashalala kitambo. Mashine achana nayo. Anza na siku, na iwe moja tu, yenye uwanja na matokeo yanayojulikana. Kwa upande wa besiboli mi nakupa hii bure: Jumanne tarehe 15 Aprili 1947, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, New York, Dodgers wanacheza na Boston Braves, na Jackie Robinson wa Dodgers anaingia na jezi namba 42, mtu mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu za Marekani tangu 1884.

(Usije ukampeleka mtoto Cooperstown 1839 kumwona Abner Doubleday "akivumbua" besiboli, hiyo ni stori ya kutunga, mwaka huo jamaa alikuwa chuo cha kijeshi West Point.)

Sasa mtoto mwenyewe. Wengi wanamweka mtoto wa Kimarekani kwa mazoea tu, wakati kuna njia tamu zaidi na ina ukweli ndani yake. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League (besiboli ya watoto) kule Williamsport, Pennsylvania, na mwaka mmoja kabla timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikakwama kwenye viza. Alafu cheki hii: mashindano hayo yalianza hapohapo Williamsport mwaka 1947! Mwaka uleule wa Robinson, yaani daraja lako la kupita lishajengwa. Buni mtoto wako wa Lugazi wa miaka 12 (wachezaji wa kweli waache na majina yao), anaingia chini ya viti vya watazamaji kuokota mpira, akinyanyua kichwa yuko Brooklyn. Imetosha. Kiingereza anacho cha shule kwa hiyo maongezi hayakusumbui.

Msomaji wako mdogo huenda hajawahi kuona besiboli, na hapa ndo watu wanaharibu, wanaweka ukurasa wa sheria kama mtihani. Sema ni kama raunda ya shuleni, mmoja anarusha, mwingine anapiga na rungu, ukizunguka besi zote 4 umepata pointi. Mengine yaeleze pale yanapohitajika, tena aeleze mtu aliyekaa jirani, sio wewe mwandishi.

Kabla ya mechi mpe mtoto shida ndogo za kweli, maana hizo ndo zinazobeba hadithi. Treni ya chini ya ardhi New York ilikuwa senti 5, yeye mfukoni ana shilingi za Uganda zenye tarehe ambayo haijafika, afanyeje? Viatu vyake je? Akishaingia mwache aangalie kwa jicho la mchezaji. Wapigaji hawana helmeti, wamevaa kofia za kitambaa na mpira unawapita karibu na sikio. Timu ikimaliza zamu ya kulinda, wachezaji wanaziacha glavu zao palepale kwenye nyasi, timu nyingine inazikwepa (zilikatazwa kuachwa uwanjani mwaka 1954). Kuna bango la muuza nguo Abe Stark linaloahidi suti kwa mchezaji atakayeligonga kwa mpira. Na yule mama Hilda Chester, shabiki sugu wa Dodgers, unaweza kumweka kwenye viti vya bei rahisi akipiga kengele yake mpaka masikio yanauma. Vitatu vinne hivi vinatosha, usigeuze hadithi kuwa makumbusho.

Ubaguzi usiuruke, na usiuhutubie. Kulikuwa na wachezaji wa timu ya Robinson mwenyewe ambao hawakumtaka, na wiki moja baadaye kocha wa Philadelphia, Ben Chapman, alimtukana Robinson waziwazi uwanjani. Matusi yenyewe sio lazima uyaandike kwenye kitabu cha mtoto, andika mzee mmoja anavyokunja gazeti akakaza meno, mtoto atauliza, hapo mzazi anayesoma ataongea. Ile stori maarufu ya Pee Wee Reese, mchezaji mwenzake, kumkumbatia Robinson bega usiiweke siku hii, mpaka leo watu wanabishana ilikuwa wapi na mwaka gani.

Sasa ukija kwenye kilele. Kishawishi ni kumpa Robinson homurani, mpira unaruka nje ya uwanja, watu wanalia. Usifanye hivo. Siku ile hakupata hata pigo moja safi, na kwa mtoto hiyo ni nzuri zaidi. Raundi ya 7, Boston wanaongoza 3-2, Eddie Stanky wa Dodgers yuko besi ya kwanza. Robinson hazungushi rungu, anaugusa tu mpira unadondoka karibu, anakimbia. Torgeson wa Boston anauokota anarusha kwa haraka, mpira unamgonga Robinson begani unapotelea pembeni, Stanky yuko besi ya 3, Robinson ya 2. Pete Reiser wa Dodgers anapiga, wote wawili wanarudi nyumbani, yaani besi ya mwisho, pointi 2. Mechi ikaisha 5-3 kwa Dodgers. Andika mbio zile polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu mtoto wa Lugazi anajua kukimbia kwa presha mpaka anayerusha akosee, na kesho yake ana mechi ya kwake 2012.

Mtoto asibadilishe kitu chochote kwenye matokeo. Abaki kuhangaika na nauli na njia ya kurudi, presha yote iwe hapo.

Ukipata hamu ya kitabu cha pili usimrudishe Ebbets Field baada ya 1960 maana uwanja ulibomolewa, atakuta majengo ya watu. Tafuta dada yake, umpeleke ligi ya wanawake ya 1943 hadi 1954, waliocheza na sketi fupi na wakiteleza kufikia besi mapaja yanachubuka vibaya. Yule ana maswali yake mengine kabisa, na la kwanza litakuwa suruali ziko wapi.