Namna ya kufunga mashine ya santuri nyumbani na kuzitunza santuri zenyewe

Katika nyumba nyingi kuna sanduku la santuri lililosukumwa chini ya kitanda tangu mwenyewe alipofariki au alipohamia kwenye kanda. Siku moja kijana wa nyumba hulifungua, akaazima mashine, akatua sindano bila kuuliza, na katika dakika tatu akafuta kitu ambacho huenda hakipo mahali pengine popote. Nasema kufuta kwa maana yake halisi. Sauti ya santuri imo ndani ya mfuo, yaani ule mtaro mwembamba uzungukao kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, ile karatasi ya duara ya katikati, na kuta za mtaro huo katika santuri nyingi ni plastiki tu. Sindano iliyokwisha au iliyobebeshwa uzito kupita kiasi huzikwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kwa hiyo usipige hata santuri moja ya urithi kabla mashine haijawekwa sawa. Tafuta sahani mbovu isiyokuwa na thamani kwako, nayo ndiyo utakayofanyia majaribio yote yanayofuata.

Kwanza ujue ulicho nacho. Santuri nzito za inchi 10 zinazovunjika kama kigae zikianguka ni za mizunguko 78 kwa dakika, na hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa shelaki, gundi itokanayo na wadudu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, sauti yake ilitiwa katika sahani za aina hiyo. Mfuo wake ni mpana, hivyo huhitaji sindano yenye ncha ya mikroni 75 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), ilhali sindano ya kawaida ya leo ni ya mikroni 15 hadi 18 na huzama hadi chini ya mtaro, palipojaa vumbi la miaka mingi. Kinyume chake ni hatari zaidi: usithubutu kupiga santuri ya plastiki kwenye gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, kwa kuwa kichwa chake cha chuma huzidi gramu 100 na wimbo utakuwa umechimbwa kabla haujafika katikati.

Santuri ndogo za inchi 7, za mizunguko 45, ndizo utakazozikuta kwa wingi zaidi katika masanduku ya kwetu, ziwe za lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons wa Mombasa au za bendi za dansi, ambazo nyimbo zake ndefu zilikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande wa A na ya pili upande wa B. Baadhi yake zina tundu kubwa la milimita 38 hivi, na hizo zinahitaji kile kipande cha duara cha kuwekwa katikati. Ukikikosa, usikisie kwa macho, maana sahani isiyokaa katikati huifanya sauti ipande na kushuka kama inayoyumbayumba. Santuri kubwa za inchi 12 huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, na hazina mengi ya kuelezwa hapa.

Kabla ya kuchomeka plagi, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma au cha chini. Mashine yangu ya kwanza niliipata kwa jamaa aliyerudi kutoka Marekani, nayo ilikuwa ya volti 120. Aliyeniuzia transfoma ya kushusha umeme alinihakikishia kuwa mambo yamekwisha, na kweli haikuungua, lakini bibi mwimbaji wa taarabu nimjuaye tangu utotoni alisikika kama mzee aliyeamshwa usingizini. Tatizo halikuwa volti. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na wa kwetu mara 50, na mota za kizamani hufuata mapigo hayo. Transfoma hupunguza volti lakini haigusi mapigo. Mashine ya namna hiyo ikiletwa huku, 33⅓ hushuka hadi karibu 27.8 na 45 ikawa 37.5. Baadhi ya mashine zina puli ya pili ya kubadilisha, yaani kigurudumu cha mota, na fundi anaweza kuchonga nyingine. Zile ambazo mwendo wake unasimamiwa na saketi ya kioo cha kwatsi, mfano wa Technics SL-1200 za miaka ya mwishoni mwa 1970 na baada ya hapo, hazijali mapigo ya umeme. Kwa hizo volti ikishakuwa sahihi inatosha.

Kupima mwendo hakuhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sahani ya kuzungushia, washa, kisha hesabu: katika dakika tatu kamili karatasi hiyo ipite mbele yako mara 100 kwa mwendo wa 33⅓, na katika dakika moja ipite mara 45 kwa mwendo wa 45. Ikipungua kwenye mashine inayoendeshwa kwa mpira, mara nyingi mpira umelegea au umeota utelezi, na mpira mpya ni bei ndogo kuliko kitu kingine chochote ndani ya mashine hiyo. Hesabu hiyo ifanye ukitumia umeme wa kawaida, si jenereta, kwa kuwa mapigo ya jenereta hupanda na kushuka kila friji inapowaka.

Meza iwe nzito, isitikisike, wala isiwe ndiyo meza inayobeba spika. Mtikisiko wa spika hupanda kwenye miguu ya mashine, ukaingia kwenye sindano, ukarudi tena spikani ukiwa mkubwa zaidi, na hapo ndipo ule mvumo mzito unaoongezeka kila ukipandisha sauti unapotoka. Kisha azima pimamaji kwa fundi mwashi, uiweke juu ya sahani ya kuzungushia, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, ukizungusha miguu ya mashine au ukitia vipande vya kadi chini yake mpaka kiputo chake kitulie katikati. Sahani iliyoinama huuvuta upande mmoja ule mkono unaobeba sindano, na mizani yote utakayoiweka baadaye itakuwa ya uongo.

Sasa tufike kwenye mkono, ambako ndiko santuri nyingi huharibiwa. Rudisha kwenye sifuri kile kitufe kidogo chenye namba kilicho kando ya shina la mkono. Vua kifuniko cha sindano, ufungue kishikizo, na ukiwa umeushika mkono kwa kidole chini ya kijiti chake, zungusha uzito wa nyuma polepole, mbele au nyuma, hadi utakapouachia mkono nao ukaelea wenyewe sambamba na sahani, hauanguki wala haupandi. Hilo huchukua muda. Mkono utapanda, utashuka, na pumzi yako mwenyewe itausukuma, basi zima feni. Ukishaelea, urudishe kwenye kishikizo, kisha ushike uzito wa nyuma usisogee na uzungushe ile pete nyembamba yenye namba peke yake mpaka sifuri ikabili mstari wa juu. Baada ya hapo ndipo unapozungusha uzito pamoja na pete yake hadi kwenye namba iliyotajwa na mtengenezaji wa katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Ortofon 2M Red huhitaji gramu 1.8, Audio-Technica AT-VM95E huhitaji gramu 2, na AT3600L, iliyomo katika mashine nyingi za bei nafuu, hubeba kati ya gramu 2.5 na 3.5. Kile kitufe kidogo nacho kiweke kwenye namba ileile, kwa kuwa kazi yake ni kuuvuta mkono nje kidogo ili usikimbilie lebo na kuegemea ukuta mmoja wa mfuo.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya santuri inayoruka: shilingi juu ya kichwa cha sindano. Nawaheshimu, lakini sarafu ina gramu kadhaa, yaani mzigo unaokwenda mara mbili hata tatu zaidi ya uliokusudiwa, na ile sindano iliyoacha kuruka haikupona bali ilianza kulima. Santuri ikiruka, safisha kwanza mfuo, kisha tazama sindano, kisha rudia mizani. Sindano kupungukiwa uzito nako si hisani, kwa sababu sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mtaro na kuzigonga kuta zake. Ukiweza kununua mizani ndogo ya dijitali ya sindano, utaacha kuziamini namba za pete.

Ikiwa katriji imefungwa kwa skrubu mbili, yapasa pia ikae katika pembe yake. Chapa karatasi ya kupangia sindano kwa ukubwa wake kamili, uhakikishe kwa rula kuwa printa haikuipunguza, kisha tua sindano kwenye alama mbili, ya milimita 66 na ya milimita 121 kutoka katikati ya tundu. Kote kuwili pande za katriji ziwe sambamba na mistari iliyochorwa. Mashine zenye mkono wa plastiki usiofunguliwa hazina haja ya zoezi hili.

Waya mbili za sauti huenda kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa Phono, wala si kwenye tundu la redio au la kanda. Wakati wa kukata santuri, besi hupunguzwa ili mfuo usitanuke na sauti nyembamba huongezwa, na kazi ya tundu hilo ni kuvirudisha vyote mahali pake huku ikikuza umeme wa katriji, ambao ni milivolti chache tu. Ukikosea tundu utasikia muziki wa mbali, mwembamba, usio na besi. Mashine yenye kikuzaji chake ndani huwa na swichi nyuma. Hiyo ndiyo huchomekwa kwenye tundu la kawaida, kwani ukikuza mara mbili sauti hukwaruza vibaya sana. Waya wa tatu, mwembamba na wenye kikucha, ni wa erthi: ufunge kwenye skrubu ya amplifaya, la sivyo utasikia mvumo usiokwisha hata santuri ikiwa imesimama.

Sasa usafi. Vumbi la juu juu hutolewa kwa brashi ya nyuzi za kaboni, ukiigusisha kwa wepesi sahani ikizunguka mara mbili tatu, kabla ya kila upande. Uchafu uliogandamana huhitaji maji, lakini maji ya bomba au ya kisima, hasa ya chumvi kama ya pwani, huacha chokaa ndani ya mfuo. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yauzwayo vituo vya mafuta kwa ajili ya kujazia betri, na usome chupa vizuri kabla ya kulipa, kwa kuwa huenda rafu ileile ikawa na asidi ya betri na chupa zikafanana. Tia tone moja la sabuni ya vyombo katika nusu lita, chovya kitambaa laini cha kufutia miwani, ufute kwa kufuata mzunguko wa mfuo na kamwe si kukatiza, ukiiepuka lebo, kisha suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni na uisimamishe ikauke kivulini. Kanga iliyochakaa inavutia kwa ulaini wake, lakini huacha nyuzi. Spiriti usiikaribishe kwenye santuri za 78 hata tone, kwani huyeyusha shelaki na kuugeuza uso wa santuri kuwa uji.

Pwani tuna adui mwingine, ukungu. Huonekana kama madoa ya kijivu yaliyotapakaa mfano wa pumzi kwenye kioo, na husikika kama mahindi yanayokaangwa. Santuri yenye ukungu itolewe nje, ukiwa umefunga barakoa, ifutwe huko kabla ya kuoshwa, na mfuko wake wa ndani wa karatasi utupwe, maana ukiirudisha humo ukungu utakuwa umerudi baada ya masika. Jalada lianikwe palipo na upepo pasipo jua.

Santuri zisimame wima, zikishikana bila kubanana, wala zisipangwe moja juu ya nyingine kama sahani za biriani, kwani za chini hukunjwa na uzito. Rafu iwe imara: santuri kubwa mia moja pamoja na majalada yake huweza kufikia kilo 25. Ziwe mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na usiziache garini hata kwa muda wa kununua mkate, kwa sababu plastiki hiyo hulegea kwa joto ambalo gari lililofungwa mchana hulifikia kwa urahisi, na santuri iliyokunjika kama chapati ni nadra kunyooshwa ikarudi ilivyokuwa.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, inua mkono kwanza ndipo utafute mshumaa, kisha chomoa plagi, kwa kuwa umeme unaporudi huja kwa kishindo. Sindano nayo ifute kwa brashi yake ndogo kutoka nyuma kuja mbele, na uandike saa ulizopiga kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kifuniko. Sindano nyingi huisha kati ya saa 500 na 1000. Ukipiga saa moja kila siku, hiyo 500 ni mwaka mmoja na miezi minne hivi.

Yote hayo yakishakaa sawa, zile santuri za urithi zipige kwa mara ya kwanza huku kompyuta ikirekodi, kwa faili ya WAV isiyobanwa, bila kuondoa mikwaruzo, kwa kuwa programu za kusafisha sauti hula na besi na kupumua kwa mwimbaji, na kusafisha kunaweza kungoja. Faili uipe jina la bendi, upande, na ile namba iliyochorwa kwenye plastiki tupu inayoizunguka lebo. Lebo ikishaoza, namba hiyo ndiyo itakayobaki.