Kuongeza miaka ya mkataba wa fleti England na Wales

Ukinunua fleti England au Wales, mara nyingi hujanunua jengo wala ardhi yake. Umenunua miaka: 99, 125, pengine 999, na kila mwaka unaopita unapungua mmoja. Ikiisha yote, fleti hurudi kwa mwenye jengo. Wachache hufikishwa huko, maana balaa huanza mapema zaidi, pale benki inapokataa kumkopesha mnunuzi wako kwa kuwa miaka iliyobaki ni michache. Scotland haimo katika habari hii, na Ireland ya Kaskazini ina sheria zake.

Anza na tarehe. Chukua nakala ya mkataba kutoka Masjala ya Ardhi, usitegemee maneno ya dalali. Miaka huhesabiwa tangu siku iliyotajwa ndani ya mkataba wenyewe, na siku hiyo yaweza kuwa imetangulia sana siku mkataba uliposainiwa. Mkataba wa miaka 125 ulioanza 24 Juni 1985 utakwisha Juni 2110. Lakini tarehe ya kuizungushia duara kwenye kalenda ni Juni 2030, kwa sababu hapo itakuwa imebaki miaka 80.

Miaka 80 ina uzito gani? Ikiwa imebaki zaidi ya 80, unamlipa mwenye jengo vitu viwili: kodi ya ardhi atakayoikosa (pango la kila mwaka ambalo mwenye fleti humlipa, si kodi ya serikali), na fidia ya kusubiri miaka 90 zaidi, ambayo ndiyo nyongeza ya kisheria, kabla ya kurudishiwa fleti. Ikiwa imebaki 80 kamili au pungufu, linaongezeka la tatu. Mkataba mrefu huipandisha fleti bei, na nusu ya faida hiyo ni ya mwenye jengo.

Tuchukue fleti ambayo ikiwa na mkataba mrefu ina thamani ya pauni 250,000, na kodi ya ardhi ni pauni 100 kwa mwaka bila kupanda. Ili kushusha pesa za miaka ijayo ziwe thamani ya leo, tutumie riba ya 5% kwa thamani ya fleti, kiwango ambacho mabaraza yanayoamua bei hizi yamekizoea tangu kesi ya Sportelli, na 7% kwa kodi. Ikiwa imebaki miaka 85, malipo ni kama pauni 5,300. Ikiwa imebaki 79, mafungu yale mawili yanafika kama pauni 6,650. Tukikadiria kwamba fleti yenye mkataba huo mfupi ina 94% ya thamani kamili, ile nusu ya faida inaongeza kama pauni 4,170. Jumla ni karibu pauni 10,800. Miaka sita imezidisha bili maradufu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na kuuvuka mstari wa 80.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 imekusudia kulifuta fungu hilo la tatu na kutoa nyongeza ya miaka 990, lakini hadi tunapoandika vifungu hivyo havijaanza kutumika. Kilichokwisha kuanza, tangu 31 Januari 2025, ni kuondolewa kwa sharti la kuimiliki fleti miaka miwili kabla ya kudai. Mwenye miaka 81 na kidogo akikaa kungoja vifungu vilivyobaki, anacheza kamari.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kukubaliana tu na mwenye jengo. Ni ya haraka, na kwa mwenye jengo muungwana inaweza kuwa nafuu. Soma rasimu kwa makini, ingawa. Anaweza kukurudisha kwenye miaka 99 tu. Tangu 30 Juni 2022 haruhusiwi kutoza kodi ya ardhi kwa miaka inayoongezwa, lakini kodi ya zamani anaweza kuiacha iendelee hadi muda wa mkataba wa awali uishe. Ukiwa na mkopo wa nyumba, benki nayo lazima iridhie. Zaidi ya yote, hakuna kinachomfunga, na mazungumzo hayasimamishi kalenda. Ukiukaribia mstari wa 80, usiende njia hii peke yake.

Ya pili ni ya sheria ya mwaka 1993. Unapata miaka 90 juu ya ile iliyobaki, kwa hiyo 82 inakuwa 172, na kodi ya ardhi inashuka hadi punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Hivyo ndivyo sheria inavyosema, na hakuna anayekuja kuidai punje yenyewe. Sharti kuu ni kwamba mkataba wa awali uwe wa zaidi ya miaka 21. Si lazima uishi humo. Fleti za National Trust na za baadhi ya mashirika ya hisani ya makazi hazimo.

Mwite kwanza mthamini anayezifanya kazi hizi kila siku, akupe makadirio ya chini na ya juu. Kisha wakili mwenye uzoefu huo huo. Wakili wa kuuza na kununua nyumba tu hatoshi, kwani makosa ya hapa hayasameheki kirahisi. Kati yako na mwenye ardhi pengine wamo wapangaji wa kati, yaani waliokodi kwake kisha wakakodisha kwa wengine, na notisi isiyomfikia anayestahili huzua ugomvi.

Notisi yenyewe, yaani barua ya kudai nyongeza, ni ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ya 1993. Inataja fleti, mkataba, kiasi unachopendekeza, na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, ambayo iwe angalau miezi miwili mbele. Pendekeza kiasi cha chini lakini cha kweli, maana pauni 1 ya mzaha inaweza kuibatilisha notisi. Thamani hufungwa siku notisi inapotolewa, kwa hiyo miaka ikiteremka chini ya 80 wakati mnajadiliana, hudhuriki. Mwambie wakili aisajili notisi Masjala ya Ardhi mara moja, jengo lisije likauzwa kwa mtu asiyefungwa nayo.

Mwenye jengo anaweza kudai amana ya 10% ya kiasi ulichopendekeza, au pauni 250 ikiwa hiyo ni kubwa zaidi, na una siku 14 za kulipa. Anaweza pia kumtuma mthamini wake. Akijibu, bei yake huwa juu mno. Usishtuke, wathamini wawili ndio watakaovutana. Asipojibu kwa wakati, nenda mahakamani ndani ya miezi 6, na mkataba unaweza kutolewa kwa masharti ya notisi yako. Asipojulikana alipo, mahakama inaweza kutoa mkataba kwa niaba yake.

Hapa ndipo watu huangukia. Akishajibu, ombi kwa baraza la ardhi na nyumba lipelekwe si kabla ya miezi 2 wala baada ya 6 tangu jibu lake. Peleka hata kama mazungumzo yanakwenda vizuri. Mwezi wa sita ukipita hujapeleka na hamjaafikiana, notisi inakufa, na mpya huwezi kuitoa mpaka miezi 12 iishe. Ikiwa ulikuwa na miaka 80 na nusu, ndani ya kungoja huko unaingia kwenye bei ya pili ya hesabu ile. Mkiafikiana pia kuna saa inayokimbia: miezi 2 ya kusaini, kisha 2 mingine ya kwenda mahakamani mmoja akikwama.

Gharama za busara za mwenye jengo za wakili na uthamini ni juu yako, hata ukijitoa katikati. Za kubishania bei au za barazani si zako. Lipa pia malimbikizo ya kodi na ada za huduma, kwani anaweza kuuzuia mkataba mpya mpaka yalipwe.

Ukiwa unauza, toa notisi kisha umkabidhi mnunuzi haki ya notisi hiyo siku ile ile mkataba wa fleti unapohamishiwa kwake. Ukiikabidhi kesho yake, imekufa.