Siku moja Xi'an na familia: anzeni kupanga na Adhuhuri

Kama mnaenda Xi'an, China, na watoto na siku ya kutembea mjini ni moja tu, nisikilizeni kwanza: msianze kupanga na vivutio, anzeni na swala ya Adhuhuri. Hakikisheni muda huo mko Msikiti Mkuu, ule wa kichochoro cha Huajue, afu mengine yote yawekeni kabla yake au baada yake. Hapo swala imepata mahali, na chakula halali kipo hatua chache tu kutoka getini, hamuhangaiki tena.

Angalieni saa lakini. China nzima inatumia saa ya Beijing, na Xi'an iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linachelewa na Adhuhuri inaingia kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Programu za nyakati za swala na ramani pakueni kabla ya kusafiri, Google kule haifunguki hivi hivi, na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, iungeni na kadi ya benki mapema maana hata muuza maji anataka uskani msimbo wake kwa simu ndo ulipe. Pasipoti za wote ziwe kwenye begi. Na chupa tupu ya maji pamoja na tishu jamani, vyoo vingi vya umma havina maji ya kuchambia.

Asubuhi nendeni ukuta wa mji, mwingilie lango la kusini, Yongningmen. Ulijengwa enzi za wafalme wa ukoo wa Ming kuanzia 1370, mzunguko wake karibu kilomita 14, na juu ni pana kiasi kwamba watu wanakodi baiskeli na kuendesha huko huko juu, zipo mpaka za watu wawili. Wahini, juu hakuna kivuli kabisa. Msijilazimishe kumaliza mzunguko mzima, watoto watachoka na siku bado mbichi.

Mkishuka fuateni barabara kuelekea kaskazini mpaka Mnara wa Kengele, afu kushoto mtauona Mnara wa Ngoma wa 1380, piteni chini yake na hapo ndo mmeingia Mtaa wa Waislamu, makazi ya Wahui, yaani Waislamu wa Kichina. Msikiti uko upande wa kushoto, kichochoro chembamba kimejaa maduka ya zawadi mpaka unahisi umepotea, endeleeni tu.

Sasa watoto waandaeni, maana watatafuta kuba na hawataiona. Msikiti huu kwa mapokeo ulianzishwa 742, majengo mengi ya sasa ni ya kuanzia 1392, na umejengwa Kichina kabisa: ua baada ya ua, miti, mapaa ya vigae vya rangi ya feruzi, na mnara wake ni kibanda cha pembe nane cha ghorofa tatu. Ila tazama ramani yake, wote umelala mashariki mpaka magharibi, kwa sababu kibla kule ni magharibi. Ukumbi wa swala watalii wasio Waislamu hawaingii, nyie toeni salamu pale mlangoni, "assalamu alaykum" wazee wa Kihui wanaielewa vizuri sana na nyuso zao zinabadilika. Sehemu ya kinamama ulizeni mapema kabla iqama haijakimiwa. Ndani msitoke haraka: ukutani kuna mbao zilizochongwa Qur'an nzima, kwa Kiarabu na Kichina. Mimi nilimshika mwanangu mkono tukafuata herufi za Alfatiha kwa macho, tukasimama pale muda mrefu bila kusema kitu.

Chakula. Neno la kujua ni qingzhen, 清真, ndo alama ya halali, mara nyingi kibao cha kijani chenye Kiarabu pembeni. Kuleni yangrou paomo: mnaletewa bakuli na mikate migumu, mnaimega wenyewe vipande vidogo kama maharage (mkimega vikubwa supu haiingii), afu bakuli linarudi jikoni na namba yake na kuja limejaa supu ya kondoo, pembeni kitunguu saumu cha achari. Watoto wanapenda kumega kuliko hata kula. Ila kuweni makini na roujiamo, mkate wenye nyama ndani: kwa Wahui ni ng'ombe au kondoo, ukitoka nje ya mtaa huo jina ni lile lile na nyama ni nguruwe. Sisi siku ya kwanza karibu na hoteli mtoto alishafungua mdomo, mama yake akaona hakuna kibao, akamwahi. Popote China ukiona wameandika "nyama" tu bila kusema ya nini, hesabu ni nguruwe.

Mchana nyumba ya ukoo wa Gao, mtaa huo huo wa Beiyuanmen, kuna michezo ya vivuli vya vikaragosi vya ngozi, miguu inapumzika.

Askari wa udongo, yale masanamu maarufu ya jeshi la kale, msiwabane siku hii, wako Lintong karibu kilomita 40, wapeni siku yao: metro (treni ya mjini) laini ya 9 mpaka Huaqing Chi, afu basi. Jioni kabla hamjarudi hotelini nunueni mikate ya ufuta kwa Wahui, inakaa vizuri mpaka kesho yake mchana.