Kabla gari la mauzo halijatoka ghalani: kuandaa mashine ya oda na malipo

Mashine ya mkononi iandaliwe jioni, mzigo ukishapakiwa. Asubuhi kila mtu ana haraka, na chaji nusu huonekana inatosha. Haitoshi. Kuchapa risiti ni kuiunguza karatasi kwa joto, na kazi hiyo hula umeme kwa mkupuo. Betri ikiwa chini, mashine huweza kuzimika risiti ikiwa nusu, na pesa ya mteja imeshakatwa. Chaji ijae, na garini iwemo pawabenki mliyoijaribu kwa waya uleule mtakaoutumia.

Karatasi huonekana jambo dogo mpaka iishe mbele ya foleni. Mashine nyingi za aina hii hutumia rola ya upana wa mm 57 au 58, nyembamba kuliko ya kaunta. Pima mfuniko unafunga. Bebeni akiba, lakini msiiache kwenye dashibodi, maana jua huigeuza nyeusi. Rola huandika upande mmoja tu. Ikwaruze kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio uelekee kichwa cha kuchapia. Risiti ikitoka nyeupe, geuza rola kwanza kabla ya kumtafuta fundi.

Bei na stoo, yaani idadi ya bidhaa zilizopo, vivutwe kutoka ofisini mkiwa bado kwenye mtandao mzuri, kisha kagueni vipimo vya kuuzia: kreti au chupa. Kreti ya soda ina chupa 24. Ikiwa imesajiliwa kimakosa kama chupa, muuzaji akitoa kreti 2 stoo hupungua chupa 2, ilhali zimetoka 48, na jioni hesabu hazitakubali. Andika oda moja ya majaribio, tazama jumla na salio la stoo, halafu ifute.

Mashine iwe na laini mbili za mitandao tofauti, zote zenye bando. Zima data, andika oda, washa tena: iende yenyewe, tena mara moja tu. Programu nyingine hazitunzi oda bila mtandao, na ni afadhali kulijua hilo ghalani. Muuzaji aelewe pia kwamba oda ikizunguka bila kutoka, kubonyeza "tuma" mara tatu kunaweza kuzaa oda tatu; afungue kwanza orodha ya oda zilizotumwa. Saa na tarehe ziwe sahihi, kwani seva, yaani kompyuta inayopokea oda na malipo, huweza kuikataa mashine yenye saa mbovu hata mtandao ukiwa safi.

Malipo ndiyo yanayotaka makubaliano ya mapema kuliko yote. Pesa imeingia pale inapoonekana kwenye akaunti ya biashara. Ujumbe kwenye simu ya mteja hautoshi, na ujumbe wa "umepokea" uliotoka kwenye namba ya mtu wa kawaida ni wa kutiliwa shaka papo hapo. Lipa namba, yaani namba ya biashara ya kulipiwa kwa simu, ibandikwe pamoja na jina la biashara, ili mteja alisome jina kabla ya kuweka namba ya siri. Amueni mtasubiri dakika ngapi muamala ukikwama, nani ofisini atapigiwa aangalie akaunti, na kama mzigo utashushwa kabla hajajibu. Mteja asiambiwe alipe tena kabla muamala wa kwanza haujafuatiliwa kwa kumbukumbu namba yake. Kumkata mtu mara mbili, hata kwa bahati mbaya, kunavunja uaminifu uliojengwa kwa miezi.

Kwa Tanzania, karatasi ya oda au ya kadi haisimami badala ya risiti ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi. Kama mashine yenu haitoi risiti hiyo, ile ya EFD ipande gari nayo, ikiwa na chaji na karatasi zake.

Kila muuzaji aingie kwa namba yake ya siri. Ya pamoja hufanya kosa likose mwenyewe. Namba ya mashine na za laini ziandikwe kwenye daftari la ofisini, pamoja na simu ya anayeweza kuifunga ikipotea.