Simu ilale sebuleni

Wapendwa mnaopambana na picha chafu usiku: saa tatu, kabla ya sala, chomeka simu chaji sebuleni, uingie kulala bila hiyo. Nimefanya hivyo hapa Mbeya tangu Juni. Baridi yetu inasaidia kweli. Ukishajifunika blanketi mbili, kutoka kukanyaga sakafu ya saruji ni kazi, na katika kusitasita huko unapata nafasi ya kuomba. Yesu pale Gethsemane (Mathayo 26:41) aliwaambia wanafunzi wakeshe na kuomba wasije wakaingia majaribuni, maana mwili ni dhaifu. Haisaidii ukiwa safarini, umelala gesti na simu chumba kimoja. Hapo mpigie mwenzako wa maombi mapema. Na kama kinachokusukuma ni upweke, mweleze mchungaji wako.